Watu Wanane Waliofutwa Pichani: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura

UMOJA WA WAPIGA PICHA NA WATENGENEZA FREMU
KIKAO CHA DHARURA NA. 9

Tarehe: Jumamosi, tarehe 14.
Mahali: Chumba cha kompyuta, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. (Chumba cha mikutano kimejaa mapazia na maua ya plastiki ya Makamu Mwenyekiti.)

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti (picha za pasipoti na vitambulisho)
2. Makamu Mwenyekiti (picha za harusi, anajulikana kwa jina la Bwana Harusi, ingawa hajaoa)
3. Mtaalamu (kompyuta na uchapaji)
4. Fundi Fremu
5. Katibu (kurekebisha picha, ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi na ndiye mhusika)

Asiyehudhuria: Mpiga picha wa shule, kwa udhuru. Alituma ujumbe usemao, "Msiamue bila mimi." Kikao kiliamua bila yeye.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa mbili na dakika tano asubuhi. Alieleza kwamba mteja anayehusika, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ambaye wote humwita Mama Cherehani, ameahidi kufika saa nne kamili, na kwamba mama huyo hajawahi kuchelewa hata siku moja. Aliwaomba wajumbe wafupishe maneno. Kisha yeye mwenyewe alizungumza kwa dakika kumi na moja juu ya heshima ya Umoja.

Makamu Mwenyekiti aliuliza kama kuna chai. Hakukuwa na chai.

KUMB. NA. 2/9: TAARIFA YA TUKIO

Katibu alitakiwa kueleza kilichotokea. Alieleza kwamba wiki tatu zilizopita Mama Cherehani alituma picha kwenye simu ya ofisi. Ilikuwa picha ya watu tisa waliosimama mbele ya ukuta wa chuo cha ushonaji, siku binti yake alipomaliza mafunzo. Binti huyo alifariki mwaka uliofuata, akaacha mtoto mchanga. Mtoto sasa ana miaka sita na analelewa na bibi yake. Picha hiyo ndiyo pekee iliyobaki, kwa kuwa nyingine zote zilikuwa kwenye simu ya marehemu, na simu hiyo haikuonekana tena baada ya msiba.

Fomu ya kazi ilisomwa kikaoni. Maneno ya mteja, kama Katibu alivyoyaandika siku hiyo, ni haya: "Nitolee mwanangu peke yake, asionekane mtu mwingine. Kila nikimwambia mjukuu wangu nionyeshe mama yako, anamwonyesha yule wa gauni la njano. Nimechoka kumsahihisha. Nataka awe na picha ambayo hawezi kukosea."

Kwa faida ya Mwenyekiti, aliyejifunza kazi enzi za filamu na chumba cha giza, na Fundi Fremu, anayependa kusema kwamba yeye picha huzijua zikishachapwa tu, Katibu alieleza maski ni nini. Ni kama karatasi inayolazwa juu ya picha ndani ya kompyuta. Ukipaka nyeusi, pale panafichika. Ukipaka nyeupe, panaonekana. Unapaka nyeusi juu ya kila mtu usiyemtaka, anabaki yule unayemtaka. Hakuna kinachokatwa. Ukiiondoa maski, watu wote wanarudi mahali pao.

Mwenyekiti aliuliza, kama hakuna kinachokatwa, kwa nini basi ameacha foleni ya watu wa vitambulisho na kuja kukaa hapa. Katibu aliendelea.

Alieleza kwamba kompyuta ilijaribu kumchagua binti yenyewe, ikamwacha bila sikio moja na ikamwongezea kiwiko cha jirani. Kwa hiyo alirudia kazi kwa mkono, kwa brashi ndogo, na vinyweleo vya kando ya paji la uso peke yake vilimchukua nusu siku. Kwenye bega la kushoto palikuwa na mkono wa mtu aliyesimama nyuma. Kwa kuwa fomu ilisema asionekane mtu mwingine, aliuficha mkono huo, na pale ulipokuwa akajaza kitambaa cha gauni kilichonakiliwa kutoka bega la kulia. Alikiri kwamba aliionea fahari kazi hiyo, hata akamwita Mtaalamu aje aone.

Alipomaliza aliunganisha matabaka yote, yaani picha na maski yake, kuwa moja, akahifadhi juu ya faili la mwanzo kwa jina lilelile. Kilichokuwa kimefichwa kikawa kimefutwa. Watu wanane hawapo tena.

Jana alasiri Mama Cherehani alipiga simu kwa namba ya jirani yake. Alisema simu yake imeangukia kwenye ndoo ya vitambaa vilivyolowekwa na fundi simu amekata tamaa nayo, hivyo kesho akija kuchukua kazi yake apewe na ile picha nzima. Alisema, "Bahati nzuri nyinyi mnayo." Katibu alimjibu, "Sawa, mama." Katibu hajui kwa nini alijibu hivyo. Tangu hapo ana hofu, na anaiandika hapa kwa sababu hana mahali pengine pa kuiandika.

KUMB. NA. 3/9: MWENYE KOSA

Makamu Mwenyekiti alisema kwamba kosa ni la mtu mmoja na halihitaji kikao. Kwa maneno yake: "Dada, hili hata mtoto analijua. Unahifadhi kwa jina jingine! Jina jingine tu!"

Katibu aliomba kumbukumbu za kikao cha sita zisomwe, azimio la tatu. Zilisomwa: "Ili kuokoa nafasi kwenye diski, kila kazi ikikamilika iunganishwe na kuhifadhiwa juu ya faili la mwanzo, na nakala zisibaki." Azimio lilitolewa na Mwenyekiti na kuungwa mkono na Makamu Mwenyekiti. Mtaalamu alilipinga. Pingamizi lake limeandikwa. Imeandikwa pia kwamba wajumbe walicheka.

Mtaalamu alieleza kwamba hana nia ya kumkumbusha mtu yeyote jambo lolote. Kisha akawakumbusha kwamba diski ilijaa kwa sababu ya harusi moja ya Makamu Mwenyekiti, yenye picha elfu nne mia moja kumi na mbili, na kati ya hizo mia tatu ni viatu vya bibi harusi.

Makamu Mwenyekiti alisema, "Viatu navyo ni kumbukumbu, kaka."

Mtaalamu alisema, "Na mama wa yule mtoto ni nini?"

Mwenyekiti aliagiza kwamba habari ya azimio lake isiingizwe kwenye kumbukumbu za leo. Imeingizwa.

Fundi Fremu, ambaye hadi hapo alikuwa anakwangua gundi iliyokauka vidoleni, alisema, "Jamani, tukiendelea kutupiana mpira, mama atatukuta bado tuko uwanjani. Saa tatu kasoro hii." Wajumbe walitazama saa ya ukutani. Ilikuwa tatu kasoro dakika saba.

KUMB. NA. 4/9: MAPENDEKEZO

Mtaalamu aliarifu kwamba tangu asubuhi ameanzisha programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea na imefika asilimia ishirini na sita. Aliarifu pia kwamba simu ya ofisi haina msaada, kwa kuwa ilipangwa ifute ujumbe kila baada ya siku saba. Aliyeagiza hivyo anajulikana.

Wakati wa kusubiri, mapendekezo matatu yalitolewa.

Makamu Mwenyekiti alipendekeza kwamba binti aliyebaki atolewe tena kwa maski na kusimamishwa katikati ya watu wengine wanane kutoka kwenye picha zake za harusi, mbele ya ukuta wowote, na nyuso za wale wanane zififishwe kidogo kana kwamba picha imezeeka. "Miaka saba imepita. Nani anakumbuka nani alisimama wapi?"

Fundi Fremu alisema kwamba mtu aliyefiwa anakumbuka mpaka ufa wa ukuta. Aliongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi, na hii ni fupi kuliko ngazi zetu, maana mama atageuka kabla hajafika chini.

Mwenyekiti alipendekeza mteja aambiwe kwamba kompyuta iliingiwa na virusi. Mtaalamu aliuliza ni kirusi gani hicho kinachoingia kompyuta nzima, kikaacha viatu mia tatu, kikala picha moja. Mwenyekiti alisema yeye si mtu wa kompyuta. Mtaalamu alisema hilo limeonekana.

Fundi Fremu alipendekeza mteja aambiwe ukweli, na aambiwe na Katibu, mbele ya wote. Katibu aliomba ruhusa ya kutoka nje kidogo kupata hewa. Ruhusa ilikataliwa kwa kuwa, kwa maneno ya Mwenyekiti, "ukitoka hurudi." Katibu anakiri kwamba wazo hilo lilikuwa limempitia.

Kura zilipigwa kwa mikono. Katibu hakuruhusiwa kupiga. Waliotaka ukweli usemwe: Fundi Fremu, na Mtaalamu, aliyeinua mkono bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta. Aliyetaka watu wanane wa kuazima: mmoja. Mwenyekiti hakupiga kura. Alisema anasubiri programu. Pendekezo la ukweli lilipita.

KUMB. NA. 5/9: MATOKEO YA PROGRAMU

Saa tatu na dakika thelathini na nane programu ilifika asilimia mia. Ilirudisha mafaili sitini na mawili. Yalifunguliwa moja moja kwa haraka, wajumbe wote wakiwa wamesimama nyuma ya kiti cha Mtaalamu. Mengi yalikuwa viatu. Picha ya Mama Cherehani haikuwemo.

Katibu alilia. Jambo hili lisingeandikwa, lakini Makamu Mwenyekiti alimpa kitambaa cha kufutia lenzi, na kitambaa hicho ni mali ya Umoja, hivyo inabidi ijulikane kilikwenda wapi.

Mtaalamu alisema ngoja kwanza. Alieleza kwamba kompyuta hujitengenezea kijipicha cha kila faili ili kukionyesha kwenye orodha, na wakati mwingine husahau kukibadilisha faili likibadilika. Alitafuta kwa dakika sita. Alikipata. Kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na ndani yake walikuwemo watu tisa wamesimama mbele ya ukuta.

Kilipokuzwa kiligeuka vibonge vya rangi ya udongo. Gauni la njano lilikuwa doa tu, halitofautiani na ukuta. Makamu Mwenyekiti alikumbusha kwamba siku hizi kuna programu zinazoweza kunoa picha kama hiyo zikarudisha nyuso. Mtaalamu alikataa. "Hazirudishi, zinabuni. Zitampa marehemu sura ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa."

Nyayo zilisikika kwenye ngazi saa tatu na dakika hamsini na mbili.

KUMB. NA. 6/9: MTEJA KUFIKA

Mama Cherehani aliingia pamoja na mjukuu wake. Alishangaa kukuta watu wengi. Alisema, "Hamjambo wanangu? Kuna msiba?" Mwenyekiti alijibu kwamba hakuna msiba, akamkaribisha kiti, akasema, "Katibu ana neno," kisha akasogea karibu na mlango.

Katibu alisema yote. Hakutaja virusi wala azimio la kikao cha sita. Alisema, "Mama, nimeifuta picha yako. Sikukusudia, lakini ni mimi niliyeifuta, na jana ulipoiomba nikakwambia sawa."

Mama Cherehani aliuliza, "Wote?"

"Wote, mama. Kabaki yeye tu."

"Mwalimu wao?"

"Naye."

"Na mimi je?"

Katibu aliuliza, "Kwani mama na wewe ulikuwemo?" Yaliyomtoka yalikuwa hayo, na hayawezi kurudishwa.

Mama Cherehani alisema, "Si ndiye mimi niliyesimama nyuma yake. Nimejifunika kitambaa kwa jua. Nimemshika hapa." Aligusa bega lake la kushoto.

Katibu alielewa hapo ni mkono wa nani alioshinda nao siku nzima akiupaka nyeusi.

Mteja aliomba kuona kazi aliyoiagiza. Fundi Fremu alimletea ikiwa tayari ndani ya fremu. Aliishika mapajani. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akapitisha kidole kwenye bega la kushoto, huku na huku, kama anayetafuta mshono. Alisema, "Umenitoa vizuri. Hata alama haipo."

Katibu hakuandika kwa muda wa kama dakika tatu, hivyo yaliyosemwa katika dakika hizo hayamo humu.

Mwenyekiti, kwa nia ya kupunguza uzito wa mambo, alimwinamia mtoto na kumwonyesha ile picha ya fremu. "Unamwona mama yako? Mzuri huyo!" Mtoto aliitazama, akauliza, "Wa gauni la njano yuko wapi?"

Mama Cherehani alifumba macho.

Mtaalamu, bila kuagizwa na mtu, alizungusha kompyuta ili kile kijipicha kionekane, akaeleza kwamba ndicho kilichobaki na kwamba hakifai kuchapwa. Mtoto alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alisema, "Bibi huyu hapa."

Aliulizwa amejuaje, kwa kuwa hakuna uso unaoonekana. Alisema, "Anainama hivi." Akainama, shingo mbele, kama mtu aliyeketi kwenye cherehani maisha yake yote. Wajumbe walimtazama Mama Cherehani. Ndivyo alivyokuwa amekaa.

Mtoto aliuliza, "Bibi, hapa umemshika nani?"

Mama Cherehani alisema, "Huyo ndiye mama yako."

Mtoto aliangalia kijipicha, akaangalia picha kubwa, akarudi tena kwenye kijipicha. "Ni huyu huyu?"

"Ni huyo huyo."

"Sasa hapa kwenye kubwa mkono wako uko wapi?"

Katibu alisema, "Niliufuta mimi."

Mtoto alisema, "Urudishe."

KUMB. NA. 7/9: KURUDISHA MKONO

Katibu alieleza kwamba haiwezekani. Makamu Mwenyekiti aliomba kutofautiana. Alisema mkono uliofutwa haurudi, lakini mwenye mkono amekaa hapa. Upigwe picha leo, kwa pembe ileile na mwanga uleule, utolewe kwa maski na kuwekwa begani. Inabidi iandikwe kwamba lilikuwa wazo zuri, na kwamba lilikuwa lake.

Fundi Fremu aliuliza kama huu si uongo uleule uliokataliwa katika KUMB. NA. 4/9. Mama Cherehani alimjibu kabla ya Mwenyekiti. "Uongo wa nani, baba? Mkono ni wangu. Na bega lile nalijua."

Dirisha lilifunguliwa upande wa kushoto. Fundi Fremu alijitolea kuwa bega, akapiga magoti, lakini bega lake lilikuwa pana mno na mkono ulionekana kama umewekwa juu ya meza. Mtoto alisema, "Mimi je?" Alisimamishwa juu ya stuli. Bibi alisimama nyuma yake na kumshika begani bila kuelekezwa namna. Makamu Mwenyekiti alipiga picha tatu tu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kabla ya kugusa chochote, Katibu alitengeneza nakala tatu kwa majina matatu, Mtaalamu akishuhudia. Mwenyekiti alitamka mwenyewe kwamba azimio la tatu la kikao cha sita limefutwa, na hakuna aliyecheka.

Katibu aliweka maski na kuupaka mkono nyeupe, kidole baada ya kidole. Ulipokaa begani kwa marehemu, ilionekana wazi kwamba ni mkono wa mtu mzima sana: ngozi imelegea, mishipa imetoka, kidole cha shahada kimepinda. Katibu alimwuliza mteja kama aulainishe ulingane na wa siku ile.

Mama Cherehani alisema, "Uache. Yeye hakupata kuzeeka, mimi nimezeeka. Usinipunguzie hata siku moja."

Makunyanzi hayakuguswa. Picha ilichapwa saa tano na dakika tano na Fundi Fremu akaitia kwenye fremu badala ya ile ya kwanza. Mtoto aliulizwa na bibi yake ni nani huyu. Alianzia kwenye mkono, akapanda nao mpaka usoni, akasema, "Mama."

Kile kijipicha mteja aliomba achapiwe kama kilivyo, kidogo vilevile, na akakiweka kwenye kibeti chake. Hakusema kwamba amesamehe. Katibu hakumwuliza.

Mwisho Katibu aliuliza afanye nini na ile picha ya leo ya bibi na mjukuu juu ya stuli, ambayo kilichohitajika ndani yake ni mkono tu. Mama Cherehani aliomba aione. Aliitazama, akasema, "Hiyo nayo nichapie. Na humo usimtoe mtu."

KUMB. NA. 8/9: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwaruhusu wajumbe kurudi kwenye kazi zao saa tano na dakika ishirini na tano. Foleni ya watu wa vitambulisho ilikuwa imefika nusu ya ngazi.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

............................
MWENYEKITI

............................
KATIBU